Laterali ya wapi? Kisa cha mkono uliochanwa na kioo na rufaa iliyoelekeza upande mwingine

Kisa hiki nakitumia kila nikifika kwenye mada ya mkao wa anatomia na maneno ya mielekeo, maana wanafunzi wa utabibu huwa wanaikariri ile mada wiki ya kwanza, mtihani wanafaulu vizuri tu, halafu wakifika wodini wanaandika "kwa nje" na "kwa ndani" kama vile darasani walikuja kusindikiza wenzao. Mgonjwa mwenyewe aliridhia kisa kitumike kufundishia. Majina, mkoa, vituo vyote viwili na mwaka nimeviondoa, na mambo madogo madogo yasiyogusa tiba nimeyabadilisha.

Mgonjwa na mazingira

Kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa aluminiamu na vioo, anatumia mkono wa kulia. Jioni kama saa kumi na moja walikuwa wanapandisha kioo cha dirisha ghorofa ya pili, kioo kikapasuka mikononi kikamchana mkono wa kulia karibu na kifundo. Wenzake wakamfunga na shati, wakampakia bodaboda mpaka kituo cha afya cha jirani. Kituo chenyewe zamu ya jioni kina tabibu mmoja na manesi wawili, thieta ipo lakini ni ya akina mama wa uzazi, eksirei hakuna. Hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari.

Kabla ya kwenda mbele turudie mkao, kwa sababu kisa kizima kinategemea hapo. Mtu amesimama wima, uso unatazama mbele, miguu imekaribiana, mikono imening'inia pembeni na viganja vinatazama mbele. Kila neno la mwelekeo linasomwa kutoka hapo hata kama mgonjwa wako amelala kifudifudi au amejikunja kitandani. Ukipasua huo mwili kwa mawazo kutoka utosini kwenda chini kupitia katikati ya pua na kitovu, umepata bapa la sajitali la katikati, yaani nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Kuelekea bapa hilo ni mediali, kwenda mbali nalo ni laterali. Bapa la koronali linatenga mbele na nyuma, la mkingamo linatenga juu na chini. Kwenye mkono na mguu tunaongeza proksimali, yaani karibu na shina (bega au nyonga), na distali, yaani kuelekea vidoleni. Sasa kwa kuwa viganja vinatazama mbele, dole gumba liko laterali na kidole cha mwisho kiko mediali. Hivyo tu.

Shida ni kwamba hakuna binadamu anayekaa vile. Mwambie mtu yeyote aweke mkono mezani, atauweka kiganja kikiwa chini, mfupa wa radiasi (ule wa upande wa dole gumba) unajizungusha unaulalia ulna (ule wa upande wa kidole cha mwisho), dole gumba linageukia mwilini na kidole cha mwisho ndo kinabaki upande wa nje. Jaribu hapo ulipo, utaona.

Jioni, kituo cha afya

Tabibu alifanya mengi ya maana na inabidi niyaseme kwanza. Alikandamiza kidonda, akainua mkono, damu ikakata bila yeye kwenda kutafuta mshipa kwa koleo gizani (hilo peke yake limeokoa mikono mingi, maana pale kifundoni neva, yaani mshipa wa fahamu, na mshipa wa damu vinatembea pamoja, ukibana kimoja bila kuona unabana vyote). Akachoma ganzi, lignokeini, akaosha kidonda kwa maji mengi, akaweka nyuzi chache za ngozi tu, akafunga bandeji ya kukandamiza. Sindano ya pepopunda, antibayotiki, rufaa. Alijua kabisa kidonda cha kioo karibu na kifundo sio cha kushona na kumrudisha mtu nyumbani, na uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Mgonjwa muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono uko kwenye trei, kiganja chini. Kidonda kilikuwa cha sentimita kama nne, kimeanzia ukingo wa mkono upande wa kidole cha mwisho kikazunguka kidogo kuja upande wa kiganja. Tabibu alikiona kinatazama nje, mbali na mwili wa mgonjwa, akaandika kwenye fomu: kidonda cha kukatwa na kioo, sm 4, laterali, sehemu ya distali ya mkono wa kulia, alama ya kuuliza jeraha la mshipa wa damu.

Mambo mawili hayakuandikwa kabisa: saa ya kuchoma ganzi, na hali ya hisia za vidole kabla ya ganzi. Hili la pili halikuandikwa kwa sababu halikupimwa. Mgonjwa anavuja damu, analia, tabibu yuko peke yake, inaeleweka. Ila ukishachoma ganzi dirisha la kupima hisia limefungwa mpaka iishe.

Usiku, hospitali ya rufaa

Alifika saa nne usiku. Mapokezi kulikuwa na majeruhi wa daladala, intani wa zamu, yaani daktari aliye mafunzoni, yuko mbio. Akasoma fomu, akaangalia bandeji, ni kavu, akaamua asiifungue ili damu isianze upya. Mimi uamuzi huo siulaumu sana, bandeji ya kukandamiza iliyotulia usiku wa vurugu wengi wangeiacha. Ila ukishaamua kutofungua, unachokijua kuhusu kidonda ni kile tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa laterali.

Basi akapima vya upande wa laterali. Mapigo ya ateri ya radiasi yapo. Dole gumba linanyooka, linakunja, linagusana na kidole cha mwisho. Akagusa ngozi ya nyuma pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, inasikia. Na kwa sifa yake akaenda mbele zaidi, akapapasa mgongo wote wa mkono mpaka upande wa kidole cha mwisho, nao ukasikia. Mgonjwa alipolalamika kwamba kidole cha mwisho kimekufa ganzi akaambiwa ni ile sindano ya kituo cha afya. Kwenye faili ikaandikwa: neva na mishipa ya damu salama.

Kile kipimo cha mgongo wa mkono ndo mtego ninaoupenda kuliko yote kwenye kisa hiki. Neva ya ulna inatoa tawi la ngozi ya mgongo wa mkono kama sentimita 5 hadi 8 kabla haijafika kifundoni, yaani proksimali ya kidonda. Kwa hiyo neva inaweza kukatika kabisa kifundoni na mgongo wa mkono upande wa kidole cha mwisho ukaendelea kusikia vizuri tu, kwa sababu tawi lake lilishaondoka juu huko. Anayetaka kujua hali ya neva ya ulna pale kifundoni aguse ncha ya kidole cha mwisho upande wa kiganja, asiishie mgongoni.

Halafu ikaja ya eksirei. Intani alitaka kuona kama kuna kipande cha kioo kimebaki, akaandika ombi: eksirei mkono wa kulia, laterali. Yeye alimaanisha kidonda kiko laterali. Mtu wa eksirei akaisoma kama aina ya picha, maana kwao laterali ni picha ya ubavu, miale inapita kutoka upande mmoja wa mkono kwenda wa pili. Akapiga picha moja ya laterali kama alivyoombwa. Hakuna kioo kilichoonekana. Mgonjwa akapelekwa wodini, mpango ni kuangaliwa kwenye raundi na pengine kuruhusiwa.

Asubuhi

Saa moja nesi anayepokea zamu akaenda kubadilisha bandeji. Nasimulia kama alivyonieleza mwenyewe. Mgonjwa alimwambia, "Sista, hiki kidole mpaka sasa hakijaamka." Nesi akamwuliza alichomwa ganzi saa ngapi, akajibu kabla ya adhana ya magharibi. Nesi akapiga hesabu: lignokeini ya kawaida inakaa saa moja, ikizidi sana mbili au zaidi kidogo, na hapa zimepita zaidi ya kumi na mbili. Kidole bado kimelala? Akafungua bandeji taratibu, akakuta kidonda kiko upande wa kidole cha mwisho wakati faili linasema laterali.

Hakubishana na faili. Alichukua kalamu akachora kiganja nyuma ya karatasi ya dawa, vidole vitano, akapiga mstari pale kidonda kilipo, akapaka rangi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete inayopakana nacho, akamfuata daktari wa wodi kabla ya raundi.

Daktari akaja na karatasi nyingine. Alimpa mgonjwa aibane kwa mikono yote miwili, kila mkono dole gumba limekandamiza karatasi kwenye ubavu wa kidole cha shahada, akamwambia asiachie, kisha akaivuta. Mkono wa kushoto dole gumba lilibaki limenyooka na karatasi haikutoka. Mkono wa kulia ncha ya dole gumba ikajikunja yenyewe. Msuli unaolivuta dole gumba kuja kwenye kiganja unalishwa na neva ya ulna. Ukilala, mwili unaazima msuli mrefu wa kukunja ncha ya dole gumba, ambao unalishwa na neva nyingine, ya midiani, inayopita katikati ya kifundo, ndo maana ncha inapinda. Akaambiwa atanue vidole, vya kulia havikutanuka. Avuke kidole cha kati juu ya cha shahada, akashindwa. Ncha ya kidole cha mwisho ilichomwa kwa pini, hana habari.

Eksirei ikarudiwa, safari hii picha mbili zinazokutana kwa pembe ya digrii 90, ya mbele na ya ubavu. Kwenye ya mbele kikaonekana kipande chembamba cha kioo kwenye nyama ya ukingo wa ulna. Kwenye ile ya ubavu kilikuwepo toka usiku, ila kimeangukia juu ya kivuli cha mifupa.

Thieta

Orodha ya thieta iliandaliwa na mtu aliyenakili kutoka faili la usiku, kwa hiyo ikasoma tena: uchunguzi wa kidonda, laterali, mkono wa kulia. Hapo neno limeshapita mikono minne. Daktari wa upasuaji alikuwa na utaratibu wa kuweka alama kwa kalamu isiyofutika wakati mgonjwa yuko macho na anaongea, jambo ambalo liko pia kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO iliyozinduliwa 2008. Alipomwuliza "Nionyeshe wewe mwenyewe", mgonjwa akaonyesha upande wa kidole cha mwisho. Orodha ikasahihishwa palepale.

Walichokikuta ndani kilikwenda kwa mpangilio wa anatomia kabisa. Ukiingia kifundoni kutoka ukingo wa ulna, cha kwanza ni kano (kamba inayounga msuli na mfupa) ya msuli unaokunja kifundo upande huo, ilikuwa imekatika nusu. Chini yake kidogo kuelekea kwenye radiasi ni neva ya ulna, imekatika yote. Ikifuata, laterali ya neva, ni ateri ya ulna, nayo imekatika na kuganda. Kiganja hakikufa kwa sababu ateri ya radiasi inalisha matao ya kiganja, na hiyo ilikuwa nzima. Yale mapigo yaliyohesabiwa usiku yalikuwa ya kweli kabisa, ila yalijibu swali ambalo kidonda hakikuuliza.

Kioo kikatolewa, kano ikashonwa, neva ikashonwa kwa nyuzi nyembamba chini ya miwani ya kukuza. Ncha za neva zilikuwa bado mbichi na hazijavutana mbali, zikakutana bila kulazimishwa. Mkono ukafungwa P.O.P upande wa nyuma, lile ambalo mtaani tunaliita hogo, kifundo kimekunjwa kidogo ili neva isivutwe.

Matokeo

P.O.P ilitolewa baada ya wiki kadhaa, akaanza mazoezi. Neva ikishonwa inaota kwa kasi ya kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka kifundoni mpaka ncha ya kidole unahesabu miezi. Mwanzoni kidole cha pete na cha mwisho vilijikunja kama kucha ya ndege na mama yake akaogopa kwamba operesheni imeharibu mkono. Akaelezwa kwamba neva ya ulna ikikatika chini, kifundoni, vidole hujikunja zaidi kuliko ikikatika juu kwenye kiwiko, kwa sababu misuli mirefu ya kukunja vidole bado inalishwa na inaendelea kuvuta wakati ile midogo ya kiganjani imelala. Baada ya mwaka hivi hisia ya kidole cha mwisho imerudi sio yote, anasikia pini ila hajui ni pini, anashika nyundo, anarudi kazini, lakini kubana funguo au skrubu ndogo kwa mkono wa kulia bado ni dhaifu na ile nyama ya kati ya dole gumba na shahada imepungua.

Uchambuzi

Kuchelewa kwenyewe kulikuwa kama usiku mmoja, na kwa neva iliyokatwa safi na kioo usiku mmoja haubadilishi sana matokeo. Ambacho kingebadilisha ni kuruhusiwa asubuhi ile na maandishi yanayosema neva salama. Angerudi baada ya miezi na vidole vilivyojikunja, ncha za neva zimeshavutana na kuota kovu, pengine anahitaji kipande cha neva kutoka mguuni. Hiyo ndo hatari iliyokuwa mlangoni.

Watu wakisikia kisa hiki wanasema tabibu hakujua laterali ni nini. Sio kweli, ukimwuliza maana anakujibu bila kusita. Alichokosa ni kuurudisha mkono kwenye mkao kichwani kwake kabla ya kuandika. Aliandika alivyouona kwenye trei. Wanafunzi wangu nawafundisha wasiandike hata herufi kabla hawajamgeuzia mgonjwa kiganja juu, au kama hawezi kugeuza, wajitazame mkono wao wenyewe.

Lakini mimi naona hata hilo halitoshi, maana unamtegemea mtu aliyechoka awe anazungusha mikono kichwani usiku wa manane. Kwenye mkono kuna njia ambayo haihitaji kuzungusha chochote: andika upande wa radiasi au upande wa ulna, upande wa kiganja au upande wa mgongo. Dole gumba liko radiasi ukiweka mkono mezani, ukiuning'iniza, ukiulalia. Maneno haya sio ubunifu wa mtu wa mifupa, yamo kwenye orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya 1998, na mguuni yana wenzake: upande wa tibia na upande wa fibula. Laterali na mediali wacha yabaki kwa kiwiliwili, kichwa na bega, huko hayana tabu. Vidole navyo viitwe kwa majina, gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, visiitwe kwa namba, kwa sababu "kidole cha nne" mmoja anaanza kuhesabu gumba na mwingine analiruka.

Ombi la eksirei linataka sentensi mbili tofauti: jeraha liko wapi, na picha zipi zinahitajika. Zikichanganywa kwenye mstari mmoja mtu wa picha atachagua maana ya kazi yake, na hawezi kulaumiwa. Angeweza kupiga simu kuuliza mbona picha moja, hilo kweli, ila usiku ule simu za mapokezi zilikuwa hazishikiki.

Intani alipima kwa bidii. Kosa la kimfumo, kwa maoni yangu, ni kupima kwa kufuata maelezo ya rufaa badala ya kupima mkono wote. Kifundoni kuna neva tatu za kujali na zinapimika ndani ya dakika mbili hata bandeji ikiwa imefungwa, vidole viko nje: ncha ya shahada kwa midiani, ncha ya kidole cha mwisho kwa ulna, ngozi ya nyuma kati ya gumba na shahada kwa radiasi. Angegusa ncha ile moja tu, na akajiuliza ganzi imechomwa saa ngapi, kisa kingeishia mapokezi.

Kilichofanya kazi ni nesi kutoyaamini maelezo ya ganzi na kuchora. Mchoro haukuwa mzuri, nimeuona, vidole viko kama ndizi. Ila hauna laterali wala mediali ndani yake na kila aliyeushika alijua kidonda kiko wapi.

Kile kituo cha afya sasa kinapiga fotokopi ya mikono miwili, kiganja na mgongo, kulia na kushoto, inabanwa kwa pini kwenye kila rufaa ya jeraha la mkono, pamoja na nafasi ya kuandika saa ya ganzi na hisia za vidole kabla ya ganzi. Mchoro una upungufu wake, hauonyeshi kina cha jeraha. Rufaa mbili tatu zimeshafika zikiwa na mstari mdogo mzuri kwenye karatasi na kano nne zimekatika chini yake, kwa hiyo wameongeza kisanduku cha kuandika kilichoonekana ndani ya kidonda: ngozi tu, mafuta, kano, au mfupa.